Kuhifadhi Kompyuta

Mtu akikwambia kompyuta haihifadhiwi kwa moyo kama juzuu, mwambie hamjui Aiuba, mtoto wa Mwalimu Hassane wa Palma, Msumbiji. Aiuba aliihifadhi. Kurasa mia mbili na kumi na mbili za kitabu cha Kireno, kuanzia jalada mpaka faharasa. Ungemwamsha usingizini ukamtajia ukurasa wa hamsini na tatu, angekusomea wote, mpaka ile namba ya chini. Mji mzima ulijua hivyo. Mimi nasema ingekuwa heri asingejua hata ukurasa mmoja, lakini tusikimbie, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Aiuba alikuwa na miaka thelathini na minne, mke mmoja, binti mmoja, na pikipiki ya kubebea abiria. Mke alikuwa Yasmin, ambaye vitumbua vyake vilikwisha kabla jua halijachomoza vizuri. Binti alikuwa Nadia, wa miaka saba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Zamani Aiuba alisoma kompyuta miaka mitatu katika instituto moja, chuo cha ufundi, huko Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Nasema alizisoma, sisemi alizigusa. Kompyuta zilikuwa nne, wanafunzi hamsini, na waliokaa mbele walikuwa wale wenye viwiko vigumu. Aiuba hakulelewa kusukuma watu.

Kisha vita vikaingia Palma, mwezi wa tatu wa mwaka ule wa 2021, na watu wakakimbia na walichovaa. Mama yake, Bi Cadija, alikimbia na cheti cha Aiuba ndani ya mfuko wa plastiki, ameufunga kiunoni chini ya kanga. Cheti kilirudi Palma, Bi Cadija hakurudi. Alifia katika kambi ya wakimbizi, kwa homa, na Mwalimu Hassane tangu siku ile akawa mtu wa kujibu salamu tu. Walipomaliza kujenga upya chuo chake cha Kurani, kwa makuti na miti ya kuomba kwa jirani, alikaa humo kutwa nzima na fimbo yake ya ukuti, akisikiliza watoto wa watu.

Sasa sikilizeni hili tangazo. Serikali ilitaka fundi mmoja wa kompyuta kwa wilaya ya Palma. Nafasi moja tu. Concurso, kama wanavyouita mtihani wa kuingia serikalini, ulikuwa wa sehemu mbili. Kwanza mtihani wa kuandika, juu ya namna programu za kompyuta zinavyojengwa na namna miradi inavyosimamiwa. Kisha watatu wa juu wangeitwa Pemba kwa mtihani wa vitendo. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, waliandika kwamba aliyetimiza miaka thelathini na mitano hapokelewi.

Aiuba alikuwa ameshaujaribu mara moja mtihani huo, akapata saba kati ya ishirini. Habari ikaja kwamba nafasi haikupata mtu na mtihani utarudiwa mwaka unaofuata, na kwake ungekuwa wa mwisho. Ukimpita huo, atabeba watu kwenye pikipiki mpaka mgongo ukatike. Alijua hivyo, Yasmin alijua hivyo, na Mwalimu Hassane alijua kuliko wote.

"Ulipata ngapi?" Mwalimu alimuuliza siku ile ya kupata saba, baada ya sala ya alasiri.

"Saba, Baba."

"Kitabu chake unacho?"

"Ninacho. Nimekitoa fotokopi."

"Umekihifadhi?"

"Hakihifadhiwi hicho, Baba. Kinataka kueleweka."

Mwalimu akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba pweza anapanda minazi.

"Kurani uliihifadhi ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na uliielewa lini?"

Aiuba akaanza kuhesabu miaka kwa vidole.

"Basi," akasema Mwalimu. "Kwanza herufi. Maana ina miguu, itakuja yenyewe. Kesho niletee hicho kitabu hapa."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya anayelisikia hawakusema kitu, na mimi huwa nawalaumu kwa hilo.

Wakaanza. Kila siku watoto wakishatawanyika, Aiuba aliegesha pikipiki, akanawa vumbi la njia, akakaa mkekani mbele ya baba yake kama alivyokaa akiwa na miaka sita. Mwalimu alijua kusoma herufi za Kizungu, polepole, kwa kidole. Kireno alikijua cha kuombea ruhusa ofisini, basi. Lakini akishika karatasi, kidole juu ya mstari, hakuna kosa lililompita. Aiuba akisoma neno moja mbele ya wakati wake, fimbo inagonga mkeka. Rudia. Akiruka kituo, fimbo. Rudia.

Walipofika kwenye kurasa za programu zenyewe, zile zenye alama za ajabu, Aiuba alidhani mzee atashindwa. Wapi. Mwalimu alizipa alama zile majina, kama tunavyowapa watoto majina ya irabu. Nukta yenye mkia. Mkono wa kufungua na mkono wa kufunga. Ile alama ya mabano yenye kiuno akaiita nyonga. Ukurasa wa themanini na saba, wenye programu ya kusajili vitabu vya maktaba, uliwachukua wiki mbili nzima, na siku Aiuba alipousoma mwanzo hadi mwisho, nyonga zote mahali pake, Mwalimu Hassane alicheka. Yasmin alikuwa uani, akaacha kusonga, akasimama na mwiko mkononi kusikiliza. Hakuwa amesikia kicheko kile tangu mama mkwe azikwe.

Sheria iliyozidi zote katika chuo kile ilikuwa moja, herufi haibadilishwi. Ukizidisha, umekosa. Ukipunguza, umekosa. Ukitia neno lako badala ya lililoandikwa, hapo hujakosa tu, umefanya jeuri. Aiuba aliinywa sheria hiyo pamoja na maziwa ya mama, na mwaka ule mzima aliinywa tena.

Mtu mmoja alimwonya. Alikuwa Dércio, mwenye duka la fotokopi karibu na soko, kijana wa Kimakonde aliyekuwa na kompyuta moja tu, lakini akiijua kama kiganja chake.

"Mano, ndugu yangu, njoo Jumapili," Dércio alimwambia. "Duka nafunga. Kaa uguseguse hii mashine. Kompyuta haisomwi kama dua, inazoewa."

"Nikimaliza hifadhi," akasema Aiuba.

"Utamaliza lini?"

"Bado kurasa tisini."

Akaenda mara moja, kweli. Akakaa robo saa mbele ya kibodi, akitafuta herufi moja baada ya moja, na mama mmoja aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho cha mtoto, Jumapili hiyohiyo, alisimama mlangoni akimtazama mtu mzima anavyodonoa kama kuku. Aiuba akaona haya. Akainuka, akamshukuru Dércio, na hakurudi. Maneno ninayo, alijiambia. Vidole navyo si ni vyangu?

Mtihani wa kuandika ulifanyika Palma, katika madarasa ya sekondari, watu sitini na wawili. Swali la kwanza lilitaka hatua za ujenzi wa programu. Aiuba alitabasamu peke yake. Aliandika ukurasa wa tisa. Swali la pili lilitaka namna ya kutambua hatari za mradi kabla hazijatokea, akaandika wa mia na arobaini na moja na wa mia na arobaini na mbili. Aliandika kama mtu anayemwaga maji, na alimaliza kabla wengine hawajageuza karatasi.

Pauta, karatasi ya matokeo, ilipobandikwa ukutani, jina lake lilikuwa la kwanza. Kumi na nane. Wa pili alikuwa msichana mmoja wa Mueda, Ivone, mwenye kumi na tatu. Wa tatu alikuwa na kumi na mbili. Mwalimu Hassane alikwenda mwenyewe kwa miguu kuiona ile karatasi. Akaweka kidole juu ya jina la mwanawe, akakipeleka taratibu mpaka kwenye namba, akarudi akakipeleka tena. Watu waliokuwa wakitafuta majina yao walimpisha, wakangoja.

Ijumaa yake wakasoma dua. Wali wa nazi ukaliwa mpaka uani kwa jirani, na kila aliyekuja alimpa Aiuba mkono kama mtu aliyekwisha kupata kazi. Mwalimu aliwaambia wageni wake kwamba mwenye nafasi ya kwanza hashindwi na wa pili, labda afe. Aiuba alisikia maneno hayo. Alijua kitu ambacho wageni hawakukijua. Ile maana haijafika bado. Alikuwa ameingojea kwa mwaka mzima, na kila akisoma ukurasa wa themanini na saba, anasikia sauti tu.

Pemba alikwenda kwa chapa, basi dogo la abiria, siku mbili njiani kwa ajili ya vizuizi vya askari, akilala Mocímboa kwa binamu yake. Chumba cha mtihani kilikuwa na baridi ya mashine na kompyuta tatu mpya. Msimamizi alikuwa mama wa makamo, Dona Judite, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Mna saa mbili," akasema. "Tengenezeni programu ndogo ya kusajili vyombo vya wavuvi. Jina la chombo, mwenyewe, mahali kinapotia nanga, namba ya leseni. Mkimaliza, pangeni ratiba ya mradi wa kuipeleka programu hiyo katika vijiji sita."

Ivone alikuwa amekaa kulia kwake. Alikuwa mdogo, labda miaka ishirini na mitano, na vidole vyake vilianza kukimbia kabla Dona Judite hajakaa. Aiuba alikuwa bado anatafuta pa kuwashia. Msichana akanyoosha mkono bila kumtazama, akabonyeza mahali, mashine ikawaka. Akarudi kwenye yake.

Aiuba akafumba macho. Ukurasa wa themanini na saba ukaja wote, mweupe, na sauti ya baba yake ndani yake. Akaanza kuuandika. Herufi moja. Akatafuta. Herufi ya pili. Alipofika kwenye nyonga hakuiona popote kwenye kibodi ile, akainua mkono kama mtoto, na Dona Judite akaja akamwonyesha vitufe viwili vya kubonyeza pamoja. Nyonga zilikuwa kumi na nne katika ukurasa ule. Kwa kila moja alisimama, akatafuta, akabonyeza kwa vidole viwili vya mikono miwili. Kijasho kilimtoka katika baridi ile.

Saa moja na nusu ilikwisha hivyo. Akawasha programu, na mistari myekundu ikatokea chini. Hajawahi kuona mistari ile. Kitabu hakimjibu mtu, na ubao haumjibu mtu, na baba yake alipogonga fimbo alimwambia mahali penyewe. Aiuba akarudi mwanzo, akaanza kusoma kimoyomoyo huku kidole kikifuata kwenye kioo, kama walivyofanya mkekani, na katika mstari wa ishirini na mbili akaona amesahau nukta yenye mkia. Akaitia. Akawasha tena.

Ikawaka. Kioo kikafutika, na maneno yakatokea yenyewe: Andika jina la kitabu. Nawaambieni, Aiuba karibu alie. Mwaka mzima wa mkeka, na kitu kile kiko hai mbele yake, kinamngoja.

Dona Judite alikuwa amesimama nyuma yake.

"Senhor Aiuba, hii ni maktaba."

"Ndiyo, dona."

"Sisi tumeomba vyombo vya wavuvi."

"Ni ileile, dona."

"Najua ni ileile," akasema yule mama kwa upole. "Ndiyo maana nakwambia ibadilishe. Palipo na kitabu, weka chombo. Palipo na mwandishi, weka mwenye chombo. Una dakika ishirini na tano, zinatosha."

Zinatosha, kwa anayejua. Aiuba akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kidole kikakataa. Msicheke. Mtu aliyelelewa kwa miaka thelathini kwamba herufi haiguswi, hauambii mkono wake mara moja ukamwelewa. Akaulazimisha. Akafuta neno la kwanza, akaandika lingine, na hapohapo ule ukurasa ndani ya kichwa chake ukakatika. Ulikuwa mnyororo. Alipotoa pete moja, zilizofuata zilianguka. Hakujua tena neno lile lilitokea wapi kwingine, wala lilifanya kazi gani, wala kwa nini lilikuwa pale. Akabadilisha hapa akaacha pale. Akawasha, mistari myekundu ikajaza kioo. Akajaribu kurudisha kama ilivyokuwa, akashindwa na hilo pia, kwa sababu sasa hakuwa na uhakika tena na hata mstari mmoja.

Ratiba ya mradi hakuigusa. Saa mbili zilipokwisha alikuwa ameshika magoti yake.

Aliona aibu. Si ile ya mtoto aliyekosa mbele ya wenzake. Ilikuwa aibu ya mwanamume mwenye ndevu anayegundua kwamba mwaka mzima alikuwa kasuku, na kwamba aliyemfanya kasuku ni mtu anayempenda kuliko wote duniani, kwa mapenzi matupu.

Matokeo yalitoka siku ya pili. Ivone kumi na sita. Aiuba tatu. Dona Judite alimkuta mbele ya karatasi ile akamvuta pembeni.

"Mtihani wako wa kuandika sijapata kuuona mfano wake," akasema. "Wenzangu walisema umeibia. Mimi nikasema hapana, mtu haibi mpaka namba ya ukurasa. Kaa na kompyuta mwaka mmoja, rudi, wilaya nyingine nazo zitataka fundi. Mwakani utatushinda sote."

"Mwakani nina thelathini na mitano, dona."

Yule mama alivaa miwani yake, akaivua.

Njia nzima ya kurudi Aiuba alikuwa anapanga maneno. Atasema ukweli. Atasema, Baba, nilihifadhi vizuri, lakini kitu hiki kinataka mkono. Atasema, si kosa lako. Mpaka Macomia alikuwa ameyapanga yote. Alipofika Mocímboa aliyapanga upya, mafupi zaidi. Chapa ilipoingia Palma, Mwalimu Hassane alikuwa kituoni, amekaa juu ya jiwe na kanzu yake ya Ijumaa, na siku ile haikuwa Ijumaa. Alikuwa pale tangu asubuhi, walisema watu.

"Vipi, mwanangu?"

"Wamempa mtu wao, Baba."

Yalimtoka hivyo. Sijui yalitoka wapi, na yeye hakujua. Mwalimu akaupima ule uso.

"Ulikosea herufi?"

"Hata moja."

Na hilo, ukiondoa nukta moja yenye mkia, lilikuwa kweli tupu. Mzee akatikisa kichwa mara mbili, akasimama kwa kushika bega la mwanawe, wakaenda nyumbani.

Yasmin hakudanganyika hata kidogo. Asubuhi yake, akigeuza vitumbua, alimuuliza huyo mtu wao ni mtoto wa nani, na Aiuba akamwambia yote, kuanzia pa kuwashia mashine mpaka ile namba tatu. Yasmin alisikiliza mpaka mwisho bila kuyatoa macho kwenye chuma cha vitumbua. Kisha akayafuta kwa ncha ya kanga, na haikuwa kwa moshi peke yake. Naye alikuwa na mwaka wake ndani ya jambo lile, mwaka wa kulisha nyumba ili mume akae mkekani.

"Mwambie leo," akasema.

"Itamuua."

"Haitamuua. Itamuuma. Na huyo binti wa watu aliyekuwashia mashine, unamwita mwizi mpaka lini?"

"Nitamwambia kesho."

"Kesho utasema kesho."

Akasema kesho. Siku ya pili Mwalimu hakutoka chuoni hata kwa chakula, na Aiuba akajiambia mzee ana huzuni, si wakati wake. Akawasha pikipiki akaenda zake. Alibeba watu kutwa, wafanyakazi wa kambi ya gesi na wauza samaki, na kila aliyempandisha alimpa pole kwa kudhulumiwa. Habari ilikuwa imeshafika sokoni. Dércio peke yake hakumpa pole. Alimtazama tu kutoka mlangoni pa duka lake, kisha akageuka akaingia ndani.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, Aiuba alirudi mapema. Alikuwa ameamua. Aliegesha pikipiki, akanawa, na kabla hajakausha mikono akasikia chuo kinasoma. Wakati ule watoto huwa wameshatawanyika. Akasimama kusikiliza. Haikuwa Kurani.

Kilikuwa Kireno. Watoto thelathini na zaidi, kwa sauti moja, kwa kuyumbayumba kule kwa chuoni, walikuwa wanasoma hatua za ujenzi wa programu. Ukurasa wa tisa.

Akaenda mpaka mlangoni. Mwalimu Hassane alikuwa amekaa mahali pake na fimbo yake, na mikononi hakuwa na karatasi. Kitabu kilikuwa kule nyumbani, chini ya kitanda cha Aiuba. Mzee alikuwa anawasomesha kwa moyo. Mwaka mzima wa kusikiliza, kidole juu ya mstari, na yeye naye alikihifadhi, kurasa zote mia mbili na kumi na mbili, bila kujua maana ya hata mstari mmoja. Akisema mstari, watoto wanaupokea. Nadia alikuwa mbele kabisa, na sauti yake ilikuwa juu ya zote.

Mwalimu akamwona. Akanyoosha mkono, watoto wakanyamaza.

"Nilifikiri siku mbili," akamwambia. "Wewe walikuonea kwa sababu ulikuwa mmoja. Mtu mmoja hudhulumiwa, ndiyo dunia. Hawa ni thelathini na wanne. Wakienda wote na kumi na nane zao, watawadhulumu wangapi? Na hawa hawana haraka na miaka, wanayo mingi mbele. Wazazi wao wamekubali. Baada ya Kurani, kila siku, ukurasa mmoja."

Uso wake ulikuwa umefunguka. Ulikuwa uso wa kabla ya vita, wa siku za Bi Cadija akiwa uani anamtania kwa kuchelewa kula. Aiuba alijua kwamba ni yeye aliyeurudisha, na alijua ameurudisha kwa uongo gani. Sasa, alijiambia. Sema sasa. Ukinyamaza sasa hutasema tena, na hawa wote watakaa siku moja mbele ya kioo chenye mistari myekundu.

"Baba," akasema.

"Sema, mwanangu."

Watoto wote walimgeukia. Nadia alikuwa anatabasamu, ameng'oka meno mawili ya mbele.

"Mmeruka mstari," akasema Aiuba. "Baada ya hatua ya tatu."

Mwalimu Hassane akafikiri, akasoma kimoyomoyo, akapiga paja lake kwa furaha.

"Mmesikia? Mnaona mtu aliyehifadhi? Njoo ukae hapa, uwasikilize wewe. Masikio yangu yamezeeka."

Akasogea, akampisha nusu ya mkeka. Aiuba akavua viatu mlangoni, akapita katikati ya watoto, akakaa. Nadia aliambiwa aanze yeye. Akasoma ukurasa wote mwanzo hadi mwisho, na ule mstari uliorukwa, aliousikia kwa baba yake mwaka mzima, akautia mahali pake, na hakukosea herufi hata moja.